Mwendo wa Saada Msiuguse

Mlipokuja kwangu wale watatu na kompyuta yenu ya kukunja, mkakaa kwenye mkeka wangu, mkanywa chai yangu, halafu yule mwenye miwani akasema, "Bibi, sidii yenu ya kwanza ilikosewa mwendo, inakimbia, sisi tutairekebisha," mimi nilinyamaza. Mkadhani sikuelewa. Nilielewa sana. Nilinyamaza kwa sababu maneno yaliyonijia mdomoni hayakuwa ya kumwambia mgeni ambaye bado ameshika kikombe.

Sasa nayaandika. Shule nilitoka darasa la nne na sikurudi, kwa hiyo msinitafutie nukta na mikato. Mnataka kuitoa upya albamu ya Saada kwenye santuri, yale masahani meusi ambayo mnasema yamerudi kuwa mapya. Sina ugomvi na santuri. Nilianza kazi zikiwa zinakufa, nikaona kaseti zikizaliwa na kuzikwa, nikatoa sidii wakati mtaa mzima Kariakoo hakuna aliyejua inashikwa upande gani. Lakini mkanda wenyewe wa Saada, ule wa magurudumu makubwa, uko kwangu, ndani ya debe la mafuta. Hautoki mpaka mjue sauti ipi itakwenda kwenye santuri yenu. Kompyuta yenu imewaambia ipi ni sahihi. Mimi nitawaambia mwenyewe alisemaje.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Nilipoachwa na mume wangu wa kwanza nilitoka kwake na kinu cha mama yangu na kanga mbili, basi. Ndiyo maana chapa yangu ya muziki niliiita Kinu. Nilianza na meza moja ya kaseti mbele ya duka la vitambaa. Hakuna aliyenifundisha. Kaseti nilijifunza kuijua kwa kuitikisa: ikilia kama njugu kwenye kopo, rudisha. Halafu chungulia kile kitambaa kidogo kinachokandamiza mkanda. Kama hakipo, hiyo kaseti baada ya mwezi itaanza kumeza maneno, na mteja atakuja kukutukana wewe, hatamtukana aliyeitengeneza. Kutoka meza nikapata duka, kutoka duka nikaanza kurekodi watu.

Saada alikuwa mwimbaji wa taarabu. Tulijuana tukiwa wasichana, kwenye harusi moja Ilala, yeye anaimba, mimi nauza kashata mlangoni. Sauti yake wakati ule ilikuwa ya kati, inateleza, inakupanda mgongoni. Miaka ikamkanyaga kama inavyotukanyaga wote, sauti ikashuka ikawa nzito, ya chini, kama ya mwanamume aliyetoka kulala. Watu waliipenda hivyohivyo. Mimi ndiyo nikaipenda zaidi. Akikuimbia kijembe kwa sauti ile unajiangalia kama nguo imechanika.

Tatizo letu lilikuwa wezi wa kaseti. Ukitoa Jumatatu, Ijumaa nakala ya wizi iko barabarani na jalada la fotokopi. Saada mwenyewe aliwahi kuuziwa kaseti yake ya wizi pale Ilala, na akailipia, kwa sababu muuzaji hakumjua na yeye alikuwa amejifunika. Alikuja dukani kwangu anaitupa mezani: "Wewe mwanamke, nimejinunua!" Tulicheka hadi tukakaa chini.

Ndipo nikaapa kwamba albamu yake inayofuata haitatoka kaseti kabisa mwanzoni. Itatoka sidii. Wakati ule mtaani kwetu hakukuwa na mtu wa kunakili sidii, na wenye kumbi za harusi walishaanza kununua mashine zake. Tukarekodi nyimbo sita. Sikutoa hata nakala moja kumpa mtu, hata mume wake Saada hakupewa. Miezi minne baadaye Saada akaanza kukohoa damu. Hospitali wakamfungua koo, wakatoa kilichokuwa kinamuua, na sauti ikaenda nacho. Yote. Hata mnong'ono haukubaki.

Kwa hiyo nilipopanda ndege na mkanda ule kifuani, nimeufunga na kanga chini ya baibui, sikuwa nimebeba biashara peke yake. Sauti ya Saada duniani ilikuwa imebaki pale.

*

Guangzhou ya wakati ule msiifananishe na hii mnayoiona kwenye simu. Waafrika pale mtaa wa Xiaobei tulikuwa wa kuhesabika. Ukimwona mweusi ng'ambo ya barabara unavuka kumsalimia hata kama ni Mkongo anayekujibu kwa Kifaransa. Wengi walikwenda soko la Shahe kwa ajili ya nguo, wanajaza marobota, wiki mbili wamerudi kwao. Mimi kazi yangu haikuwa ya wiki mbili. Nilikaa miezi mitatu.

Watu walikuwa wengi kuliko mchanga, na hakuna hata mmoja wa kunitania. Hicho ndicho kilichonimaliza. Ningeweza kupitisha siku tatu sijatamka neno refu kuliko la bei. Nilianza kuongea na sufuria. Idi ilinikuta huko. Nikaswali, nikarudi chumbani, nikapika pilau kwenye jiko la umeme la wali, bila bizari maana sikuipata, halafu nikakaa nayo. Nyumbani Idi sahani zinatoka nyumba hii zinaingia ile hadi hujui ulichokula ni cha nani. Nikafunika sahani moja nikampelekea mama wa mapokezi pale nyumba ya wageni. Akang'ata karafuu, akaitema kwenye kiganja, akaniangalia kama nimemtilia msumari. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Na wewe Idi njema." Nikarudi nikala peke yangu.

Mtu wangu mmoja alikuwa Haji, Mzanzibari, wakala wa mizigo, ana kijiofisi jengo la Tianxiu, meza moja na mashine ya faksi. Yeye ndiye aliyekuwa akinipangia nafasi kwenye makontena yake ya kwenda bandari ya Huangpu, na ndiye mkalimani wangu siku akiwa na nafasi. Alinifundisha maneno matano ya kuanzia: bei gani, ghali, hakuna, haifai, na bosi. Kwenye hilo la bosi niligombana na nchi nzima. Walikuwa wananiita laobanniang. Nikamwuliza Haji maana yake.

"Mke wa bosi, Bi Zuwena. Ni heshima hiyo."

"Bosi yupi? Waambie mume alibaki kwenye karatasi ya talaka. Bosi ni mimi."

"Wallahi utatuvunjia biashara kwa neno moja."

"Waambie."

Akawaambia. Baada ya hapo kiwandani wakaniita laoban, bosi, na kila mara wakiniita wanacheka kwanza. Wacheke.

Kiwanda kilikuwa mbali, mabasi mawili. Zamani kilikuwa kinatengeneza santuri, hizihizi zenu. Mashine zake zilikuwa uani, zimefunikwa turubai, zinaota kutu. Ndani sasa palikuwa peupe kama hospitali, wafanyakazi nguo nyeupe, unavuliwa viatu, na sidii zinatoka moja baada ya nyingine kama maandazi. Fundi niliyepewa aliitwa Liang. Fundi huko wanamwita shifu, kwa heshima, basi na mimi nikamwita Shifu. Mzee mwembamba, chai yake anaiweka kwenye chupa ya jamu. Alikuwa amechonga santuri tangu ujana wake, halafu siku moja wakampa kiti mbele ya vitufe na kumwambia sasa kazi ni hii. Alinipeleka uani siku ya kwanza, akafunua turubai, akaweka kiganja juu ya sahani ya mashine moja, akaizungusha polepole kwa mkono. Akafunika.

Niliyojifunza kwa mzee yule bila lugha ni mengi kuliko niliyojifunza kwa Waswahili wenzangu kwa maneno. Sidii ipeleke dirishani, iinamishe. Ukiona mawingu kama samli iliyoganda, ikatae. Sikiliza kwa sauti ndogo, sauti kubwa inadanganya kila mtu. Sikiliza pale katikati ya wimbo na wimbo, pale pakimya, ndipo uchafu unapojificha. Na maboksi ya sidii yasimamishe kama vitabu, usiyalaze, na usikubali yawekwe mlangoni mwa kontena. Mlango unapigwa na jua njia nzima.

Sasa kosa langu.

Siku Liang alipocheza mkanda kwa mara ya kwanza nilivaa visikilizio masikioni, nikafumba macho. Mvuto wa kwanza wa fidla, Saada akaingia. Nikashtuka. Safi! Hakuna mvumo, hakuna mchanga. Na yeye amekuwa kijana. Nikajisemea, kumbe huu ndio usafi wa sidii, unaosha hadi umri. Liang akasimamisha. Akanyoosha kidole hewani akakizungusha haraka haraka, akatikisa kichwa. Akaonyesha koo lake. Akazungusha tena.

Haji alikuwepo siku hiyo. "Anasema una hakika mkanda huu mwendo wake ni huu? Anaona unakimbia."

Nyie, mimi nilikuwa na kiburi. Bado ninacho. Niliona huyu ananitafutia kasoro ili kazi iwe ndefu. Nikamwambia Haji, "Mwambie kazi yake kubonyeza. Kusikiliza ni kazi yangu. Mimi na huyu mwanamke tumekua pamoja."

"Niseme hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Liang akasikia, akaitikia kwa kichwa, akanywa chai yake. Nikatia sahihi.

Baada ya wiki mbili maboksi ishirini yakawa Tianxiu kwenye stoo ya Haji. Na majalada yake nayo yalikuja na vituko, maana niliwachorea kinu, wao wakakitengeneza kikombe cha chai chenye kijiko. Mchi ndio ulikuwa kijiko. Nilikuwa bado nafoka juu ya kikombe hicho wakati Haji alipofungua boksi na kutia sidii kwenye mashine yake. Haji amelelewa ndani ya taarabu, mama yake alikuwa kwenye kikundi. Akasikiliza ubeti mmoja. Akaniangalia.

"Huyu n'nani?"

"Usinitanie. Saada huyo."

"Bi Zuwena, mie Saada namjua. Huyu labda bintiye."

"Saada hana binti."

"Basi ndo ujiulize."

Akarudisha mwanzo. Na safari hii, bila visikilizio, bila wale watu wa nguo nyeupe kunizunguka, kwenye spika mbovu ya Haji, nikasikia. Fidla ilikuwa inakimbia kama imefukuzwa. Sauti ilikuwa nzuri. Haikuwa ya mwanamke niliyemrekodi.

"Mlirekodi wapi?" Haji akaniuliza.

"Ukumbini, Kariakoo. Alasiri alasiri."

"Umeme upo?"

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Maana umeme haukuwepo. Ulikuwa wakati wa mgawo, mnausikia kwa wazazi wenu. Tulirekodi kwa jenereta, limewekwa nyuma ya ukumbi, na lilikuwa linanguruma hadi linaingia kwenye maikrofoni. Ni mimi niliyetoka, mimi mwenyewe kwa miguu yangu, nikamwambia mwenye jenereta, "Punguza moto, baba, unatuharibia." Akapunguza. Kelele ikashuka, nikafurahi, nikajiona fundi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mashine ile ya magurudumu makubwa inafuata mwendo wa umeme. Jenereta likichoka, nayo inachoka. Tukarekodi mkanda polepole. Tulipojisikiliza palepale, kwa jenereta lilelile lililochoka, kila kitu kikawa sawa, maana ugonjwa ulikuwa mmoja. Mpaka mkanda ulipofika Guangzhou, kwenye umeme mzima, ukakimbia.

Vijana mnaofanya kazi ya sauti, hilo liandikeni ukutani. Andika kwenye boksi la mkanda ulirekodi kwa umeme gani. Kipande cha karatasi tu kingeniponya.

Haji akasema, "Itakuwaje sasa?"

"Tunarudi kwa Shifu."

"Kontena linafungwa baada ya siku tisa."

"Tunarudi leo."

Nililipia kazi mara mbili, na hayo ya fedha nayamaliza hapa, nisije nikaanza kulia upya. Maboksi ishirini niliyarudisha kiwandani na nikaomba niyasage mwenyewe. Wana mashine ya kusaga sidii mbovu. Nilisimama nikizitia moja moja, na kila moja nilijua ndani yake mna Saada wa aina fulani. Liang alikuja akasimama pembeni. Nilikuwa nimemtukana mbele ya watu, nikamwambia kwa Kiswahili, "Shifu, nisamehe." Sijui alielewa nini. Akachukua boksi la pili akaanza kunisaidia.

*

Swali likawa moja: tupunguze mwendo kiasi gani? Kaseti ya kulinganisha haipo, niliikataza mwenyewe. Sikio langu nilikuwa nimeacha kuliamini. Nilikuwa nimeisikia ile sauti ya kijana mara nyingi mno, na nikiitafuta ile nzito kichwani siipati. Nikilala naisikia, nikiamka imekwenda. Miezi mitatu bila mtu wa kuniambia, "La, haikuwa hivyo, ilikuwa hivi." Nyumbani ningeuliza watu kumi. Pale nilikuwa mimi na Haji, na Haji alisema, "Mie namjua kwa kaseti za wizi, na hizo kila moja na mwendo wake."

Liang alifanya mambo mawili. La kwanza, alileta kodiani ya mke wake, kinanda kile cha kuvuta. Kwenye nyimbo zetu kodiani imo, na kodiani haibadiliki sauti kama fidla, imefungwa kiwandani. Akawa anacheza mkanda, anapunguza, anabonyeza kodiani, anapunguza, anabonyeza, mpaka zikakutana. La pili, akatengeneza sidii moja ya majaribio yenye ubeti uleule mara tano. Namba moja ni kama mkanda ulivyokuwa, unakimbia. Namba tano mzito kupita kiasi. Ile iliyokutana na kodiani ilikuwa namba nne. Akaninyooshea vidole vinne na akapiga kifua, kusema hii, mimi naapa.

Nikasikiliza namba nne. Nadhani mnajua mtu anavyokuwa akikutana na mtu wake stendi bila kutegemea. Ndiyo yeye. Ule uzito, na pale mwishoni mwa neno anapoiachia pumzi ikwaruze kidogo. Nililia mbele ya wale watu wa nguo nyeupe wasiovaa viatu.

Lakini nilikuwa nimeshakosea mara moja kwa kujifanya najua. Nikasema safari hii atahukumu mwenye mali.

Saa kumi jioni ya Guangzhou ni saa tano asubuhi Dar es Salaam. Karibu na Tianxiu palikuwa na kiduka cha simu za nje, vibanda vya mbao, kila kabila linapiga kelele na kwao. Nikaingia na mashine ndogo ya sidii ya Haji na spika yake. Kwa kaka yake Saada kulikuwa na simu, na tulikuwa na utaratibu wetu tangu apone. Namwongelesha, yeye anagonga mdomo wa simu na pete. Mara moja ndiyo. Mara mbili hapana. Akicheka anakwaruza na ukucha.

"Saada, ni mimi. Upo?"

Moja.

"Umekula?"

Mbili.

"Saa tano hujala? Unangoja nije nikulishe kutoka huku?"

Ukucha. Yule mwanamke alikuwa na ukucha wa kucheka vizuri kuliko watu wenye koo.

Nikamweleza yote, jenereta, moto, maboksi niliyoyasaga. Kwenye maboksi ukucha ulikwaruza sana, nikamwambia, "Cheka tu, shetani wewe." Halafu nikamwambia nitakuchezea ubeti mara tano, uniambie wewe ni yupi. Ulikuwa ubeti ule wa kijembe: *Nilikupa shuka ukaiona fupi, leo waomba kitambaa.*

Nikacheza zote, na spika nimeikumbatisha na simu. Mkongo wa kibanda cha pili akaacha kuongea akanisikiliza.

"Haya. Namba moja?"

Mbili, haraka. Alikuwa na masikio, hata mimi nilishaona namba moja ni kama msichana anayetekenywa.

"Namba tano?"

Mbili.

"Namba nne?"

Kimya. Nikadhani laini imekatika.

"Saada?"

Moja. Lakini hiyo ilikuwa ya kusema nipo.

"Rudia namba mbili?" Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Nilimsikia tu, hata kwenye kimya chake nilikuwa namsikia.

Moja.

Nikamchezea namba mbili. Na hapo ndipo na mimi nikaisikiliza kwa mara ya kwanza kwa kweli, badala ya kuivuka nikielekea ya nne. Ilikuwa ile sauti ya Ilala. Ya kati, inayoteleza. Nikawaona wasichana wawili, mmoja anaimba, mmoja ana sinia la kashata. Duniani sasa hakukuwa na mtu mwingine aliyezisikia sauti zote mbili akajua tofauti yake, ila mimi kwenye kibanda cha mbao Guangzhou na yeye huko upande wa pili.

Nikamwuliza taratibu, kama unavyomwuliza mtu mbele ya mashahidi.

"Saada, namba nne ni wewe?"

Moja.

"Namba mbili ni wewe?"

Mbili.

"Basi nichape namba nne?"

Mbili. Kwa nguvu, hadi sikio likaniuma.

"Nichape namba mbili?"

Moja.

Nilibishana naye. Nawaambia ukweli, nilibishana na mtu asiye na sauti. Nilimwambia, "Watu wanakupenda ile nzito. Mimi naipenda ile nzito. Hii siyo tuliyorekodi, huu ni uongo wa jenereta." Akawa anagonga mbili, mbili, mbili, juu ya maneno yangu, mpaka nikanyamaza. Nikasema, "Saada, kwa nini?" Nikakumbuka hilo si la kujibiwa kwa pete. Tukakaa hivyo, mimi nasikia anavyopumua kwa lile tundu la shingoni alilotobolewa hospitali. Pumzi nzito.

"Haya mwenzangu," nikamwambia. "Ni yako."

Moja. Laini, safari hii.

Kesho yake nikaenda kwa Liang peke yangu, Haji alikuwa Huangpu. Nikamwonyesha vidole viwili. Akakunja uso, akachukua kodiani, akabonyeza, akatikisa kichwa: haikutani. Nikatikisa kichwa changu: najua. Akanyoosha vinne. Nikanyoosha viwili. Akasema "Bu xing," haifai, na mzee yule hakuwa mtu wa kulisema neno hilo ovyo, maisha yake yote yalikuwa kuweka kitu kwenye mwendo wake. Nikamwonyesha koo. Nikamwonyesha mkono unaokata. Halafu nikajipiga kifuani nikatikisa kichwa, mimi si laoban, nikaonyesha mbali, kule, nyumbani. Laoban yule. Liang akaifunga kodiani. Akarudi kwenye kiti chake akaweka namba mbili.

Ile sidii ya majaribio tuliisaga, ndiyo ilivyokuwa desturi ya Kinu, jaribio halibaki nje likaangukia kwa wezi. Kabla hajaitia kwenye mashine Liang aliniuliza kwa macho kama naitaka kwanza. Nikasikiliza namba nne mara moja. Nikampa.

Kontena tuliliwahi, maana majalada yalikuwa tayari. Albamu ilitoka, kikombe cha chai na kijiko chake, na kumbi za harusi zikaipiga hadi watoto wakaijua. Watu wakamwambia Saada barabarani, "Bi Saada, sauti yako haizeeki!" Naye anainamisha kichwa kama malkia. Aliishi miaka minane zaidi, na hakuna aliyewahi kuuliza. Nilikuwa najua peke yangu. Ni kazi, kumjua mtu peke yako. Watu wanamsifu mbele yako, na wewe wa kwako unamkumbuka kivyako, na huwezi kumtaja kwa mtu.

Sasa hayupo, mume wake hayupo, Haji alihamia Muscat tukapoteana. Ndiyo maana nawaambia nyie. Kompyuta yenu imepima vizuri, imegundua alichogundua Liang kwa kodiani ya mkewe. Na Saada aliijua kabla yenu wote, akaikataa. Mkanda nitawapa. Santuri yenu itatoka na mwendo wa namba mbili, na jina la Kinu, na mchoro nitauchora mwenyewe safari hii. Hilo mtaliandika kwenye karatasi tutie sahihi.

Lakini mimi si mtoto. Najua mkifika studio, mkiwa na mkanda na mashine nzima, kuna mmoja wenu atataka asikie ile ya kweli, mara moja tu. Siwezi kuwazuia. Siku hiyo fungeni mlango, zimeni simu zenu zinazorekodi. Na kabla hamjabonyeza, tumeni mtu anifuate. Magoti yangu mabovu, ngazi zenu nitapanda polepole, mnisubiri. Sijaisikia tangu Guangzhou.